Yadi Moja Aliyonyimwa Marshawn Lynch

Kila Februari inapokaribia, hujitokeza mtu na jedwali lake la takwimu kutuonyesha kwamba Pete Carroll, aliyekuwa kocha wa Seattle, hakukosea. Huwa namsoma hadi mwisho, maana hoja zake si za kipuuzi, na kila nikimaliza nabaki palepale nilipokuwa alfajiri ile ya Jumatatu, kwetu Afrika Mashariki kukipambazuka huku Glendale, Arizona, ikiwa bado usiku wa Super Bowl ya Februari 1, 2015. Jaribio la pili, yadi moja tu kufika mstari wa goli, sekunde 26 kwenye saa, taimauti moja mkononi, Seattle nyuma ya New England kwa 28–24, na mkimbiaji Marshawn Lynch amesimama kando ya kwotabeki Russell Wilson. Mpira ule ulikuwa wa Lynch. Carroll na mratibu wake wa mashambulizi, Darrell Bevell, wakaagiza pasi.

Mnaikumbuka safari iliyowafikisha pale. Seattle walikuwa wameongoza 24–14 katika robo ya nne, Tom Brady, kwotabeki wa New England, akawarudia mara mbili, na tachidauni ya Julian Edelman ikawaacha na dakika mbili za kujiokoa. Walianzia yadi yao ya 20. Aliyewatoa shimoni ni Lynch huyohuyo, safari hii kwa kudaka pasi ya yadi 31. Ricardo Lockette akaongeza 11, kisha Jermaine Kearse akadaka ile ya yadi 33 akiwa chali, mpira ukimdundia miguuni na mikononi kabla hajaukumbatia. Yadi ya 5. Lynch akapewa, akala yadi nne, na Dont'a Hightower, bega lake likiwa limechanika, akajinasua kwa Russell Okung na kumshika miguu akiwa amebakiza hatua moja. Ile ilikuwa kazi ya kiume ya Hightower.

Sasa tuitazame saa, maana kosa lilianzia hapo kabla hata pasi haijafikiriwa. Lynch alipoanguka ilikuwa imebaki takriban dakika nzima. Bill Belichick, kocha wa New England, hakuita taimauti, na alikuwa sahihi kutoita. Seattle nao hawakuharakisha. Taimauti mbili walishazitumia katika safari hiyohiyo, moja baada ya Lynch kudaka, nyingine baada ya Kearse, kwa hiyo walibaki na moja, na wakaziacha sekunde zaidi ya 30 ziyoyome wakihofia kumwachia Brady muda wa kujibu. Timu iliyo nyuma kwa pointi nne haina haki ya kumhofia Brady kabla haijafunga. Kwanza funga, halafu ukabe. Carroll alikuwa na safu ya ulinzi iliyoruhusu pointi chache kuliko zote katika ligi msimu ule, akaamua kuilinda dhidi ya nusu dakika ya mchezo. Kwa uamuzi huo alijibana mwenyewe: jaribio la pili, la tatu na la nne sasa yalipaswa kubanwa ndani ya sekunde 26.

Hapo ndipo hesabu yake maarufu ilipozaliwa. Kwa sekunde 26 na taimauti moja huwezi kukimbia mara tatu kwa utulivu, kwa hiyo moja kati ya hizo tatu iwe pasi, na pasi ikianguka saa itasimama yenyewe. Nakubali. Lakini hesabu haisemi pasi iwe ya kwanza. Mpe Lynch jaribio la pili. Akizuiwa, ita taimauti yako. Jaribio la tatu, walinzi wote wakiwa wamemkodolea macho yeye, Wilson ajifanye anamkabidhi mpira kisha azunguke kulia, akiona mtu yuko huru atupe, akiona hapana autoe nje. La nne, Lynch tena. Idadi ni ileile ya mikimbio miwili na pasi moja. Tofauti ni kwamba mpangilio huu unaanza na silaha yako kubwa, na ule wa Carroll ulianza na jaribio ambalo yeye mwenyewe alikiri baada ya mechi kwamba alikuwa tayari kulitupa. Kwenye yadi ya mwisho ya Super Bowl hakuna jaribio la kutupa.

Alisema pia kwamba New England waliingiza kikosi chao kizito cha mstari wa goli, na yeye alikuwa na wapokeaji watatu uwanjani, hivyo kukimbia dhidi ya wale kungekuwa kujigonga ukutani. Nani aliwaingiza wapokeaji hao watatu? Ni yeye. Alimtoa nje kila mtu ambaye angemfungulia Lynch njia, akabaki na tait-endi mmoja, bila fulubeki, kwotabeki akiwa amerudi nyuma kwenye shotigani, halafu akalalamika kwamba uwiano haukumruhusu kukimbia. Anayejifunga mikono mwenyewe asiseme kamba ilimlazimisha. Tena wale wazito wa Belichick hawakuwa wageni kwa Lynch. Alikuwa ameshawabeba kwa mikimbio 24 na yadi 102.

Tuseme basi nakubali pasi, na nakubali ianze. Bado swali linabaki: kwa nini ile? Waliwapanga Kearse na Lockette mmoja nyuma ya mwingine upande wa kulia. Kearse ampige kumbo mlinzi wa mbele, Lockette akate slanti kuingia ndani nyuma yake, na Wilson aupige mpira haraka katikati ya msongamano. Tazama tena picha, mtaona kasoro zake zote kwa mara moja. Brandon Browner, aliyewahi kuwa wa Seattle kuanzia 2011 hadi 2013, alimkamata Kearse kwa mikono miwili na kumgandisha pale aliposimama. Kearse hakusogea hata hatua moja, na mpango wote ulitegemea asogee. Nyuma ya Browner, Malcolm Butler, konabeki mgeni wa ligi kutoka West Alabama ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, alikuwa ameuona mpangilio huo mazoezini wiki ileile na kufungwa nao. Safari hii hakusubiri. Macho ya Wilson yalipogeuka kulia, Butler alishaondoka. Alifika mahali pa mpira kabla ya Lockette, akampiga bega, akaukumbatia mpira kifuani. Saa ilisoma sekunde 20.

Pasi ya pembeni juu, mpokeaji akiruka, ikikosewa huangukia nje ya uwanja. Pasi ya Wilson akikimbia kwenda kulia, ikikosewa, huishia kwa mashabiki. Slanti ya ndani kwenye yadi ya kwanza, kwa kwotabeki mfupi anayechungulia kati ya mabega ya majitu, ikikosewa haina pa kuangukia isipokuwa mikononi mwa mtu. Katika vitabu vyote vya mipango walivyokuwa navyo, walichagua pasi pekee ambayo kosa lake ni msiba. Tena aliyelengwa hakuwa Kearse wala Doug Baldwin. Alikuwa Lockette, kijana mwenye mbio na moyo, lakini ambaye msimu mzima hawakumtegemea kwa mpira wa kugombania kifua kwa kifua.

Halafu Bevell akasimama mbele ya wanahabari na kusema Lockette angeweza kuupigania mpira kwa nguvu zaidi. Hilo sijamsamehe hadi leo. Carroll, angalau, aliibeba lawama mwenyewe tangu dakika ya kwanza na hajaitua.

Watetezi wana namba mbili. Ya kwanza: msimu ule hakuna pasi hata moja kutoka yadi ya kwanza iliyonaswa, hadi ya Wilson. Ya pili: Lynch alikuwa amepewa mpira mara tano kwenye yadi ya kwanza msimu ule, akafunga mara moja tu. Namba zote ni za kweli, na zote zinatumika vibaya. Pasi zile za timu nyingine zilikuwa za kila aina, za pembeni, za kuzunguka, za tait-endi aliyesahaulika, wala hazikuwa slanti moja katikati ya kikosi kilichoifanyia mazoezi. Na mikimbio mitano ni michache mno kumhukumu mtu yeyote, achilia mbali mtu aliyeongoza ligi kwa tachidauni za kukimbia msimu ule, 13, sawa na DeMarco Murray, na aliyeongoza pia msimu uliotangulia, 12, sawa na Jamaal Charles. Mwaka wa pili mfululizo hakuna aliyemzidi kufunga kwa miguu, na siku ya kuhitaji tachidauni moja ya miguu anageuzwa pambo.

Nimesema mara nyingi na nitarudia: Carroll ana historia ya kumwacha mtu wake bora kando mahali pazito. Rose Bowl, Januari 4, 2006, akiwa na USC, akiongoza 38–33 dhidi ya Texas, jaribio la nne na yadi mbili. Reggie Bush, mshindi wa Heisman, alisimama nje ya mstari. Hakuwa uwanjani hata kuwavuta walinzi. LenDale White akapewa, akazuiwa, Vince Young wa Texas akachukua mpira na kumaliza kazi zikiwa zimebaki sekunde 19. Wapo wanaosema hali mbili hizi hazifanani kwa sababu kule alikimbia na huku alipasi. Mimi naona zimefanana mahali panapouma, kwamba katika zote mbili mchezaji ambaye ulinzi wote ulikuwa ukimwogopa hakuguswa na mpira.

Na Lynch walimwogopa kweli. Mtoto wa Oakland, shule ya Oakland Tech, kisha chuo kikuu cha California pale Berkeley, jirani na kwao, ambako mwaka 2006 alitangazwa mchezaji bora wa mashambulizi wa Pac-10. Buffalo walimchukua wa 12 kwenye drafti ya 2007. Misimu miwili ya kwanza alivuka yadi 1,000, wa tatu akaanza kwa kufungiwa mechi tatu, Fred Jackson akashika nafasi, na Oktoba 2010 Buffalo wakamwachia aende Seattle kwa chaguo la raundi ya nne na jingine la masharti. Sijui biashara nyingi za zama zile zilizokuwa rahisi kiasi hicho kwa mnunuzi.

Miezi mitatu baadaye, Januari 8, 2011, akalipa deni lote kwa mkimbio mmoja. Seattle walikuwa wameingia mtoano wakiwa na ushindi 7 na vipigo 9, New Orleans wakiwa mabingwa watetezi. Ubao unasoma 34–30, dakika tatu na ushee, jaribio la pili na yadi 10, mpira uko yadi yao ya 33. Mchezo ulioagizwa uliitwa 17 Power, na mtakumbuka aliyetangulia mbele ya Lynch: fulubeki Michael Robinson, akiingia shimoni kama fulubeki anavyotakiwa. Njia ilizibwa. Lynch akaponyoka mikono ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatokeza upande wa pili, Tracy Porter akamdaka, na Lynch akamsukuma kwa kiganja kimoja mpaka akaenda kubingirika mbali. Matt Hasselbeck, kwotabeki wa miaka 35, alikuwa anakimbia mbele kutafuta mtu wa kumzuia. Alex Brown akashika visigino, hakushika kitu. Roman Harper akafika mlangoni, akachelewa. Yadi 67. Kelele na miruko ya mashabiki ilisajiliwa na kipima tetemeko cha mtandao wa seismolojia wa Pacific Northwest kilichokuwa karibu na uwanja, na tangu siku hiyo mkimbio ule unaitwa Beast Quake. Mechi iliisha 41–36.

Baada ya hapo kazi yake ilikuwa ya kuaminika kama mshahara: yadi 1,204, kisha 1,590, kisha 1,257, kisha 1,306, na pete ya Super Bowl ya Februari 2014 walipowachakaza Denver 43–8.

Hapa lazima niliseme la fulubeki, na wasomaji wa safu hii wanalijua. Ligi imemfuta mtu huyu kwa kisingizio cha kasi na nafasi, na imeweka shotigani hata pale ambapo unahitaji kwenda mbele urefu wa mkono. Kwotabeki anasimama yadi nne nyuma ili timu ipate yadi moja. Mkimbiaji anapokea mpira akiwa ametuama, bila mtu mbele yake, na walinzi wanamfuata wakiwa tayari wameanza mwendo. Kisha wakizuiwa wanatuambia mkimbio haufanyi kazi kwenye mstari wa goli. Bila shaka haufanyi kazi, mmeshauvunja miguu! Na ugonjwa huu haukuishia Seattle. Dan Quinn, aliyekuwa mratibu wa ulinzi wa Carroll usiku ule wa Glendale, alikwenda kuwa kocha mkuu wa Atlanta, na Februari 5, 2017, akiongoza 28–20 dhidi ya New England hawahawa, baada ya Julio Jones kudaka mpira ule wa ajabu na kuwaweka yadi ya 22, mahali pa kupiga goli la miguu na kuua mechi, mratibu wake wa mashambulizi, Kyle Shanahan, akaendelea kuagiza pasi. Trey Flowers akamwangusha Matt Ryan, ikafuata adhabu ya kushika, wakatoka nje ya masafa ya goli. Mnajua ilivyoisha, 34–28 katika muda wa ziada.

Wazee hawakuwa hivi. Desemba 31, 1967, Green Bay, baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, Dallas mbele 17–14. Donny Anderson wa Green Bay alijaribu mara mbili karibu na mstari, akateleza kwenye barafu. Kwotabeki Bart Starr akaita taimauti ya mwisho, zimebaki sekunde 16. Goli la miguu lilitosha kusawazisha. Mkimbio ukikwama, hakukuwa na taimauti ya kuisimamisha saa, na huenda mechi ikaishia hapo. Kila hoja ya Carroll ilikuwepo siku ile, tena kwa uzito zaidi. Kocha Vince Lombardi akakubali wakimbie. Jerry Kramer akamwinua Jethro Pugh, Starr akaingia mwenyewe nyuma yake, 21–17.

Au chukua Januari 30, 1983, Pasadena. Washington wako nyuma ya Miami 17–13, jaribio la nne na yadi moja, mpira kwenye yadi ya 43 ya Miami. Kocha wao, Joe Gibbs, angeweza kupiga mpira mbele na kusubiri. Akajaza watu wazito uwanjani, akamhamisha tait-endi Clint Didier na kumrudisha ili walinzi wajikwae, kisha akampa mpira John Riggins kuelekea kushoto, mchezo ambao uwanja mzima ulijua unakuja. Don McNeal alimshika jezi. Jezi tu. Riggins akaenda yadi zote 43, akamaliza na mikimbio 38, yadi 166, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Gibbs hakumficha Riggins ili kuwashangaza Miami. Alimpangia watu, akamfungulia mlango, akamwachia kazi.

Lynch mwenyewe hakupiga kelele. Ligi ilikuwa imeshamtoza faini ya dola 100,000 Novemba 2014 kwa kukataa kuzungumza na wanahabari, na wiki ya fainali alikwenda kwenye mkutano wa lazima na kurudia jibu moja tu, kwamba yupo pale ili asitozwe tena. Watu walimwita mkaidi. Mimi naona mtu aliyelipwa kukimbia alikuwa na haki ya kuzungumza kwa kukimbia. Baada ya fainali, akiwa Uturuki, aliulizwa kuhusu ule mpira, akasema alitegemea kupewa. Mwaka uliofuata akatundika viatu kwenye waya, akavitungua 2017 kwa ajili ya Raiders wa nyumbani kwao Oakland, na Desemba 2019, akiwa na miaka 33, Seattle wakamwita tena kwa sababu wakimbiaji wao walikuwa wameisha kwa majeraha.

Desemba 29, 2019, dhidi ya San Francisco, katika dakika ya mwisho, Seattle walikuwa tena yadi ya kwanza, nyuma 26–21, Lynch yupo na mechi hiyohiyo alishafunga. Wakachelewa kupanga wachezaji, saa ya kuanzisha mpira ikawaishia, wakaadhibiwa yadi tano. Mkimbio ukayeyuka na adhabu ile. Jacob Hollister akadaka pasi na kuzuiwa na Dre Greenlaw kwa upana wa mpira. Carroll yuleyule, miaka karibu mitano baadaye, na bado benchi lake halikuwa tayari kumkabidhi Lynch mpira kwenye yadi ile. Wiki mbili zilizofuata, kwenye mtoano, Lynch alifunga tachidauni tatu kwa miguu, moja Philadelphia na mbili Green Bay.

Simfuati anayedai kwamba Carroll alitaka Wilson awe shujaa badala ya Lynch. Hakuna ushahidi, na kosa la kiufundi halihitaji njama. Ninachokidai ni gharama yake. Kwa ule mkimbio mmoja Lynch angemaliza fainali na yadi 103 na tachidauni mbili, pengine na tuzo ya usiku ule, na Seattle wangekuwa wa kwanza kutetea ubingwa tangu New England wa misimu ya 2003 na 2004. Larry Csonka ana yadi 8,081 na pete mbili, yuko katika Ukumbi wa Mashujaa wa Canton tangu 1987. Terrell Davis ana 7,607 na pete mbili, akaingia 2017. Lynch ana 10,413, tachidauni 85 za kukimbia, na pete moja. Wapiga kura wa Canton wakilikalia faili lake, wakumbuke kwamba pete ya pili haikupotea mikononi mwake.